Mti wa Dawa Ndani ya Chupa: Kutoka Amani hadi Mabibo

Huko Mbagala, wilayani Temeke, yupo bibi mmoja mganga ambaye nimekuwa nikimtembelea kwa miaka kadhaa. Sikwenda kwake kutibiwa. Nilikwenda kwa kazi yangu ya historia, kuwauliza watu wa rika lake walivyofika katika mji huu na walichokikuta. Lakini mazungumzo na mganga hayachelewi kuangukia miti. Siku moja alinionyesha kifungu cha mizizi kilichofungwa kwa kamba ya ukindu, akasema: "Huu zamani nikiuchimba Pugu, mwanangu. Naondoka baada ya swala ya alfajiri, adhuhuri nimerudi. Siku hizi naletewa kwa gunia, na sijui aliyeuchimba ameacha nini ardhini." Gome la karambaki, lenye ukali kama wa pilipili manga, naye huletewa kutoka Tanga, na kila mwaka bei yake hupanda.

Nilipomweleza kwamba siku hizi mti unaweza kuoteshwa ndani ya chupa, kutokana na kipande kisichozidi punje ya mchele, na kwamba kipande hicho kinaweza kuzaa miche maelfu, hakushangaa kama nilivyotarajia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza maswali mawili. La kwanza: "Huo mti uliolelewa ndani, usioona jua wala mdudu, utakuwa na ukali wa dawa?" La pili: "Na ukishakuwa maelfu, utakuwa wa nani?"

Makala haya ni jaribio la kumjibu. Swali la kwanza ni la wanasayansi, nami nitalijibu kwa kile nilichojifunza kwao. Swali la pili ni la historia, na hapo nina la kusema, kwa sababu si mara ya kwanza kwa mti wa dawa kuzidishwa kwa maelfu katika nchi hii. Tuna kumbukumbu ya zaidi ya miaka mia moja inayoonyesha ulikuwa wa nani.

Chupa inavyofanya kazi

Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt, mwanabotania wa Austria, alichapisha andiko lenye dai lililoonekana kuwa ndoto: kwamba seli moja ya mmea, ikipewa chakula kinachoifaa, inaweza kukua na kuwa mmea mzima. Majaribio yake mwenyewe hayakufaulu. Ilichukua zaidi ya nusu karne hadi F. C. Steward na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Cornell, walipotumia seli za karoti mwaka 1958 kuonyesha kwamba Haberlandt aliona mbali. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Folke Skoog na Carlos Miller walikuwa wameeleza siri ya uwiano wa homoni: ukizidisha saitokinini, kipande cha mmea huchipua, ukizidisha oksini, huota mizizi. Kisha mwaka 1962 Toshio Murashige na Skoog wakachapisha kanuni ya chakula cha mimea ya maabara ambayo hadi leo ndiyo inayotumika zaidi ulimwenguni.

Kazi yenyewe inafanana zaidi na jiko safi kuliko na uchawi. Mtaalamu hukata chipukizi, hulisafisha kwa spiriti na kwa dawa ya klorini ya aina ile ile tunayofulia mashuka meupe, kisha huikata ncha yake ndogo ndani ya kabati lipulizalo hewa iliyochujwa. Kipande hicho huwekwa katika chupa yenye rojo la sukari, chumvi za madini, vitamini na homoni, lililogandishwa kwa agari itokanayo na mwani. (Si mwani wa Paje na Jambiani, ule hutoa karajinani, ambayo ni kitu kingine.) Chupa na rojo huwa vimekwisha kupikwa kwa mvuke wa nyuzi joto 121, maana ukungu mmoja ukiingia, kazi ya mwezi mzima imeharibika. Chupa hupangwa kwenye rafu zenye taa, katika chumba kisicho na joto kali wala baridi. Baada ya wiki kadhaa machipukizi hugawanywa na kuhamishiwa chupa mpya. Kipande kimoja kikitoa vinne kila mwezi, kwa hesabu ya karatasini tutakuwa na vipande 4,096 baada ya miezi sita. Mwishowe miche huoteshwa mizizi, hutolewa ndani ya chupa na kuzoeshwa polepole upepo na jua kabla ya kwenda shambani. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayoua miche mingi, kwa sababu mmea uliolelewa katika unyevu haujui kujihifadhi na ukame.

Dar es Salaam si ngeni kwa kazi hii. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, wilayani Kinondoni, kina maabara ya aina hiyo, na Watanzania wengi waliosikia habari za migomba ya tishu au mihogo isiyo na virusi wamesikia habari za kazi zinazofanyika humo na katika maabara kama hizo. Kituo hicho kilizaliwa kutokana na mradi wa taifa wa minazi, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Wajerumani. Si mara ya kwanza kwa Wajerumani kusimama mwanzoni mwa historia ya mimea yetu, nitarudi hapo.

Je, utakuwa na ukali?

Katika swali lake la kwanza bibi yuko sahihi kwa nusu, na nusu hiyo ni kubwa. Vitu tunavyoviita dawa ndani ya mti, yaani uchungu, ukali na harufu, mara nyingi ni silaha za mti wenyewe dhidi ya wadudu, ukungu, jua na njaa. Mti usiopigana hauna sababu ya kuchonga mikuki. Artemisinini, dawa ya malaria itokanayo na mmea wa jamii ya pakanga uitwao Artemisia annua, hutengenezwa ndani ya vijitezi vidogo juu ya jani. Seli za mmea huo zikikuzwa katika tangi bila kuwa na jani, karibu hazitoi kitu. Vivyo hivyo kwa kichaka kile kilichotoka Madagaska chenye maua ya rangi ya waridi, Catharanthus roseus, kinachopamba nyua nyingi za mji huu. Kutokana nacho zilipatikana dawa za saratani, vinkristini na vinblastini, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watafiti wamejaribu kwa miongo mingi kuzizalisha kwa seli za maabara kwa gharama inayokubalika sokoni, lakini viwanda vimeendelea kutegemea majani yaliyovunwa shambani. Wapo waliofaulu: Wajapani walianza kuuza shikonini iliyotokana na seli zilizokuzwa katika matangi mwaka 1983, na paklitaxeli, dawa nyingine ya saratani, nayo huzalishwa kwa njia hiyo. Lakini hao ni wachache, na matangi yao ni ya gharama kubwa.

Nusu ya pili haiko upande wa bibi. Mche wa maabara si seli ya tangi. Ukishazoeshwa na kupandwa ardhini huota majani na gome, hupigwa jua na hutafunwa na wadudu kama mwenzake wa porini. Ukali wake utategemea udongo, umri, msimu wa kuvuna na, kuliko yote, mti mama uliotoa kile kipande cha kwanza. Miche yote ni nakala za mama huyo. Akiwa mkali, wote wana asili ya ukali. Akiwa dhaifu, umezidisha udhaifu mara elfu nne. Na ugonjwa unaomshinda mmoja unaweza kuwashinda wote.

Kwa hiyo jibu la sayansi linaturudisha kwa mtu. Anayejua ni mti upi, wa kilima kipi, wenye gome la namna gani unaofaa kuwa mama, mara nyingi si mwenye maabara. Ni yule aliyeuchimba na kuutumia kwa miaka arobaini. Swali la kwanza la bibi linazaa la pili.

Mtu aliyejua miti

Tuanze mbali kidogo, katika milima ya Andes huko Amerika Kusini, maana historia ya kwinini ndiyo kioo cha historia yetu. Katikati ya karne ya kumi na tisa mataifa ya Ulaya yalihitaji gome la mti wa sinkona ili askari na watawala wao wasife kwa malaria katika makoloni. Mbegu zilitoroshwa mara kadhaa, lakini miti iliyoota ilitoa kwinini kidogo. Mwaka 1865 mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger, alipata mbegu za aina bora kuliko zote kutoka Bolivia. Hakuzitafuta yeye. Zilitafutwa na mtumishi wake Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Andes aliyeijua miti hiyo kwa kuitazama. Serikali ya Uingereza haikuzitaka mbegu hizo; Waholanzi wakanunua sehemu yake kwa bei ndogo na kuzipeleka Java.

Huko Java walifanya jambo ambalo ni babu wa chupa zetu. Walipima kila mti, wakachagua yenye kwinini nyingi, wakachukua vikonyo vyake na kuvibebesha juu ya mashina ya sinkona ya aina nyingine yenye mizizi imara. Yaani walichagua mama na kutoa nakala. Kufikia miaka ya 1930 sehemu kubwa mno ya kwinini ya dunia, zaidi ya tisa ya kumi, ilitoka katika mashamba hayo. Mti ule katika vitabu vya botania uliitwa Cinchona ledgeriana, kwa heshima ya Ledger. Manuel Incra Mamani alikamatwa kwao kwa kosa la kuwasaidia wageni kupata mbegu, akafungwa na kupigwa, na akafa kutokana na mateso hayo. Hakuna mti wenye jina lake.

Amani na Dar es Salaam

Sasa turudi nyumbani. Kuanzia mwaka 1901 madaktari wa Kijerumani walijaribu mjini Dar es Salaam njia ya bingwa wao Robert Koch: kupima damu za wakazi na kuwanywesha kwinini wale walioonekana kuwa na vimelea vya malaria. Wakazi wa mji huu walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kufanyiwa kampeni ya namna hiyo. Kwinini yenyewe ilikuja kwa meli.

Mwaka 1902, mwaka ule ule wa andiko la Haberlandt, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Pale Amani ilipandwa mimea ya kila bara ili ijulikane upi utalipa, na miongoni mwake ulikuwemo mti wa kwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipokata njia ya meli, miti hiyo iligeuka hazina. Gome la Usambara liligeuzwa kwinini kwa ajili ya jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, na baadaye, vifaa vilipokwisha, lilichemshwa tu na kunywewa likiwa maji machungu ambayo askari wa Kizungu waliyapa jina la mzaha, "pombe ya Lettow". Waliochuma na kubeba gome hilo walikuwa Waafrika. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, wengi wao kwa maradhi na njaa. Dawa ilikuwa inaota katika milima yetu, lakini haikuota kwa ajili yao.

Waingereza walipoichukua nchi waliirithi Amani. Mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Java na dunia ikabaki bila kwinini, sinkona za Tanganyika zilikumbukwa tena kwa haraka. Huko Kivu, mashariki mwa Kongo, mashamba ya wakati wa Wabelgiji yalizaa kiwanda cha Bukavu kinachojulikana leo kama Pharmakina. Vita vilipokwisha, klorokwini ya kiwandani ikaja, na katika nchi yetu mti ukasahauliwa. Umuhimu wa sinkona katika Tanganyika ulipanda na kushuka kwa mahitaji ya majeshi. Mgonjwa wa Temeke hakuwa katika hesabu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Amani mambo yalikuwa kinyume: mgeni alikuja, akapona yeye.

Kuna jambo moja dogo linalonifikirisha kila ninapoliona gome la bibi wa Mbagala. Karambaki, mti wa pwani ya Tanga na Kwale uliotibu watu kabla ya bendera yoyote kupandishwa, katika botania unaitwa Warburgia stuhlmannii. Jina la kwanza ni la Otto Warburg, mtaalamu wa mimea wa Berlin aliyejishughulisha sana na kilimo cha makoloni. La pili ni la Stuhlmann yule yule wa Amani. Mti mmoja umebeba majina ya Wajerumani wawili, wala halimo la mtu wa pwani hata mmoja. Leo mti huo unahesabiwa miongoni mwa miti iliyo hatarini.

Nyumba mbili za mji mmoja

Uhuru ulileta nia mpya, na sitaki kuidharau. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilikuwa taasisi kamili. Mwaka 1979 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo iliirithi Amani kama mojawapo ya vituo vyake. Mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, hatua kubwa katika nchi ambako waganga waliishi miongo mingi chini ya kivuli cha sheria ya uchawi ya mwaka 1928. NIMR ikawa na kituo cha dawa za asili Mabibo, eneo lililokuwa Kinondoni kabla ya Ubungo kukatwa kuwa wilaya. Mojawapo ya dawa zilizotoka huko, Warburgistat, imebeba jina la jenasi ile ile ya karambaki.

Watafiti wa Muhimbili walifika pia Temeke. Mwaka 2005 Profesa Mainen Moshi na wenzake walichapisha utafiti kuhusu tiba ya kifafa ambao waganga mia moja wa wilaya hiyo walihojiwa. Mimea 60 ilitajwa, na mitatu kati yake tayari ilikuwa imethibitishwa na tafiti nyingine kuwa na uwezo wa kupunguza degedege katika majaribio. Ni kazi njema, na iliwapa waganga hadhi ya watu wa kuulizwa. Lakini tazameni umbo lake. Mimea sitini ina majina, kwa Kilatini. Waganga mia moja ni idadi. Silaumu, maadili ya utafiti yanataka mhojiwa asitajwe, na kwa kifafa kuna sababu nzuri ya kuficha. Ninachosema ni kwamba hata tulipokuwa sisi wenyewe tunaandika, hatukupata namna ya kuandika kwamba maarifa haya yana wenyewe.

Sasa tazameni ramani ya mji. Mikocheni kuna chupa. Mabibo kuna dawa. Kutoka moja hadi nyingine ni safari ya daladala mbili. Lakini Mikocheni ni ya Wizara ya Kilimo na Mabibo ni ya Wizara ya Afya. Bajeti ya moja hupimwa kwa mihogo na minazi, ya nyingine kwa magonjwa. Mti wa dawa si zao la chakula wala si ugonjwa, kwa hiyo ni rahisi ukakosa mwenye kuuombea fedha. Sidai kwamba wataalamu wa nyumba hizi mbili hawajuani. Nadai kwamba muundo wa serikali hauwalazimishi kujuana, na kazi ambayo mtu halazimiki kuifanya huachwa siku umeme unapokatika. Na umeme hukatika. Waliokuwa mjini wakati wa mgao wa 2006 na wa 2011 wanajua kwamba chumba cha chupa kisicho na jenereta ni kaburi la miche.

Misimu mitatu ya pupa

Badala ya mpango, tumekuwa na misimu ya pupa. Wa kwanza ulikuwa wa artemisia. Klorokwini iliposhindwa, Tanzania iliiacha mwaka 2001, na mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa ya mseto, ALu, yenye asili ya artemisia. Uwezo wa mmea huo dhidi ya malaria ulifunuliwa na mwanasayansi wa China, Tu Youyou, katika mradi wa siri wa kijeshi ulioanza mwaka 1967, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dunia ilipohitaji dawa kwa wingi, bei ya kilo moja ya artemisinini ilipita dola 1,000 mwaka 2005, na wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania wakashawishiwa kupanda. Miaka miwili baadaye bei ilikuwa chini ya dola 200. Kisha mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ikaanza kutengeneza artemisinini kwa kutumia hamira iliyobadilishwa vinasaba, na miaka michache baadaye nayo ikaachana na kiwanda hicho kwa sababu bei ya mmea ilikuwa imeshuka mno. Kampuni iliuza kiwanda na kuendelea na mambo mengine. Mkulima hana kiwanda cha kuuza. Aling'oa akapanda mahindi.

Msimu wa pili ulikuwa wa Loliondo. Mwaka 2011 Mchungaji Ambilikile Mwasapile wa kijiji cha Samunge alitoa kikombe kwa shilingi 500, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Tuliobishana wakati ule, nami nilikuwemo, tulibishana juu ya imani na siasa. Swali lililoulizwa kidogo kuliko yote lilihusu mti wenyewe, mugariga: mizizi inayochemshwa kwa ajili ya taifa zima inachimbwa wapi, na nini kinabaki? Wagonjwa walioacha dawa zao wakiamini kikombe walilipa gharama kubwa. Funzo langu la kwanza kutoka Samunge ni kwamba wingi wa mti si uthibitisho wa uponyaji, na maabara ya chupa haiwezi kuchukua nafasi ya majaribio ya tiba.

Msimu wa tatu ulikuwa wa korona. Mei 2020 Waziri Palamagamba Kabudi alikwenda Madagaska kuleta kinywaji cha artemisia, na NIMR ikatoa mchanganyiko wake wa viungo vya nyumbani. Upepo ulipopita, hamu ya kujua mimea hiyo ilioteshwa wapi, na nani, ilipita nayo.

Nini kifanyike

Kwanza, tuchague miti inayostahili chupa. Mwarobaini, mgeni kutoka Bara Hindi ambaye leo yumo katika kila mtaa wa Kinondoni, hauhitaji maabara. Huota kwa mbegu hata mahali usipotaka. Mlonge vivyo hivyo. Mshubiri hutoa watoto wake wenyewe. Chupa iwe kwa ajili ya ile inayokua polepole, ile inayochunwa gome au kung'olewa mizizi hadi kufa, na ile ambayo mbegu zake hazivumilii kuhifadhiwa, kama jamii ya karambaki. Miche ipandwe kwanza pembezoni mwa misitu kama Pugu na Kazimzumbwi, ili mchimbaji awe na pa kuchimba bila kuingia hifadhini.

Pili, miche isitolewe bila soko. Wakulima wa artemisia walibebeshwa hatari yote ya bei. Kama Mabibo inahitaji gome, iseme inahitaji kiasi gani na itanunua kwa bei ipi, kabla mche haujatoka Mikocheni.

Tatu, na hili ndilo ninalolishikilia zaidi, kuwe na daftari la miti mama. Kila chupa katika maabara ina lebo: aina ya mmea, tarehe, namba ya rojo, mara ngapi imegawanywa. Kwa sayansi hayo yanatosha. Kwa haki hayatoshi. Mkataba wa kimataifa wa bioanuwai wa mwaka 1992 ulikubali kwamba jamii zenye maarifa ya asili zinastahili kugawiwa manufaa yatokanayo nayo. Lakini huwezi kugawana na mtu ambaye hukumwandika. Iongezwe mistari miwili kwenye daftari: mti mama ulitoka wapi, na nani aliuonyesha, kwa ridhaa yake. Haitagharimu hata bei ya chupa moja. Bila mistari hiyo, maabara ya umma ya Watanzania itarudia kazi ya Java: mti utakuwa wetu sote kwa maneno, na faida itakuwa ya atakayewahi kusajili.

Nilirudi Mbagala kumpa bibi majibu yangu. Juu ya ukali alitikisa kichwa kwa kuridhika; alifurahi kusikia kwamba mti mama ndio wenye neno. Juu ya daftari alitaka kujua kama mganga asiyejua kusoma ataandikwa. Nikamwambia ndiyo, mtu mwingine atamwandikia. Akasema, "Basi waandike na jina la marehemu mama yangu. Huo mti sikuugundua mimi."

Sikuwa nimefikiria hilo. Mstari mmoja zaidi, basi.